Sumu Iliyoingia Mguuni mwa Lodu

Suzan alichoka tangu vita viliporudi Juba. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi nyumbani nchi ilipopata uhuru, na sasa risasi tena. Yeye na mumewe Lodu walilima bamia huko Rejaf, nje kidogo ya Juba.

Mchana mmoja Lodu alikuwa akifyeka nyasi bila viatu. Nyoka akamgonga kwenye kifundo cha mguu, na mguu ukaanza kuvimba.

Jirani yao Fortunate, Mganda muuza matunda, alileta machungwa na vidonge vya vitamini. Alikuwa amesikia kwamba vitamini hulinda damu dhidi ya sumu ya nyoka. Suzan alilishika neno hilo. Barabara ya kwenda hospitali ilijaa vizuizi vya askari, naye hakuwa tena na nguvu za kumbembeleza mtu. Lodu akala machungwa. Wakangoja.

Baadaye Lodu alitema mate yenye damu. Hapo Suzan akamkimbilia Nyawal, muuguzi aliyeishi karibu.

Nyawal alimlaza Lodu, akaufunga mguu kwenye ubao usitikisike, bila kuubana.

"Dada Fortunate, hukukosea kwa yote," alisema. "Chembe nyekundu za damu hubeba hewa mwilini. Sumu ya nyoka wengine huzipasua. Vitamini C na E husaidia kuzilinda, na wataalamu bado wanachunguza kama zinaweza kupunguza madhara ya sumu. Lakini haziiondoi. Dawa ya sumu iko hospitali."

"Na tusipofika?" Suzan aliuliza.

"Tukikaa hapa, hatufiki kabisa."

Wakampakia Lodu kwenye raksha, bajaji ya magurudumu matatu, amelala. Kwenye kizuizi askari aliwasimamisha. Suzan alifunua mguu tu. Askari aliutazama, akashusha kamba.

Hospitalini Lodu alitundikiwa dawa kwa dripu, na damu ikaacha kumtoka. Alirudi nyumbani amekonda. Sasa matunda ya Fortunate, mboga za majani, maharage na karanga vikamsaidia kujenga damu mpya. Shambani akaenda na mabuti ya mpira.

Mvua zilipofika, nyoka alimgonga mama mmoja, Awien, katika mashamba yaleyale. Watu walitoa wembe wamchanje, wengine kamba wamfunge. Suzan alikuwa amechoka, lakini aliwazuia wote, akaita raksha.

Bamia zilipokomaa, Awien alikuja kuchuma. Alitembea kwa miguu yake miwili.