Tulikwenda Kukagua, Tukanywa Chai

Asubuhi ile mama aliniuliza mara kumi na saba kama padri amekuja. Nilihesabu. Hakukuwa na padri yeyote aliyetarajiwa. Nilimjibu vizuri mara tano, nikamjibu vibaya mara kumi na mbili. Halafu nikafungua friji kutafuta maziwa, nikakuta pasi.

Mimi ni Jeannine. Tunakaa Stechford, mtaa wa Birmingham, Uingereza: mimi, mama na wanangu wawili. Nafanya kazi Nechells, kwenye kiwanda cha kupakia sandwichi. Mama yangu anaitwa Lucie. Kule Bukavu alikuwa mwanamke wa kupanga harusi ya watu mia tatu bila kuandika chochote. Sasa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Watu wa kanisa walisema mengi, lakini daktari alisema wazi: si uchawi, si adhabu, wala si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo, na hauponi.

Kifaransa chake kimeondoka. Kiingereza kidogo alichojifunza hapa kimeondoka pia. Kimebaki Kiswahili. Akitaka choo, anasema kwa Kiswahili. Asipoeleweka, anapiga kelele. Akiendelea kutoeleweka, anapiga mtu.

Mwezi ule polisi walimrudisha nyumbani mara tatu. Mara ya tatu walimkuta katikati ya barabara kubwa, viatu mkononi, anasimamisha magari. Akaja mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka kaunsili, yaani serikali ya mji. Akaniambia, "Jeannine, peke yako huwezi tena." Nilitaka kumfukuza. Lakini alisema kweli, nami nilikuwa nimechoka mpaka mifupani. Akatupa orodha ya nyumba za kutunzia wazee, zile zenye sehemu ya wagonjwa wa kumbukumbu. "Chagueni wenyewe," akasema.

Kuchagua! Mimi hata sofa yangu sikuichagua, nilipewa.

Mdogo wangu Hugues anakaa Sparkbrook. Huyu ni mtu wa suti. Alichukua orodha, akachagua nyumba yenye picha nzuri, akapiga simu kuomba miadi. Jumamosi saa nne asubuhi tukaenda. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Hugues alibeba sanduku la chokoleti.

Meneja alitupokea mlangoni, ananukia vizuri. Zulia lilikuwa jekundu, maua mabichi, na ukutani kulikuwa na tangi kubwa la samaki. Tukakalishwa kwenye viti laini. Ikaletwa chai kwenye vikombe vya maua, na biskuti.

"Mna maswali?" meneja akauliza.

Nilifungua mdomo. Hugues akanikanyaga mguu. "Hapana, madame. Kila kitu ni kizuri sana," akasema.

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni hazunguki kwenye vyumba vya watu. Haulizi jikoni kunapikwa nini. Anakaa alipokalishwa, anakunywa alichopewa, anashukuru, anaondoka. Tukashukuru, tukaondoka. Meneja akasema nafasi ya mama itashikwa mpaka Ijumaa. Hugues akasema Ijumaa tutakuja kutia saini.

Nyumbani tulimkuta Mama Kulwant jikoni na mama, wanamenya maharage mabichi. Mama Kulwant ni jirani yetu, Singasinga wa Nakuru. Alikuja Birmingham akiwa msichana. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya ukea, yaani kutunza wazee kwenye nyumba kama hizo, mpaka magoti yakakataa. Kiswahili chake ni cha Kenya na hakibembelezi mtu.

"Haya, niambieni," akasema. "Wagonjwa wa pale wanakula nini?"

"Hatukuona," nikasema.

"Wanakaa wapi mchana?"

"Nyuma ya mlango fulani. Mlango wa kubonyeza namba."

"Mliingia?"

"Hapana."

"Sasa mliona nini?"

"Samaki."

"Samaki! Kwani mnampeleka mama kuogelea?"

Hugues akakunja uso. "Mama Kulwant, walitupokea muzuri sana. Walitupa chai."

"Mlienda kukagua ama mlienda kutembelea watu?" Mama Kulwant akasukuma bakuli la maharage pembeni. "Sikilizeni. Pale nyinyi si wageni. Mgeni analala siku moja, anaenda zake. Mama yenu atalala pale mpaka Mungu amchukue. Lazima mjue nani atamlisha, nani atampeleka choo, na kama huyo mtu ana wakati. Chai ya meneja haiwaambii hayo. Kesho twende, Jeannine. Bila simu. Saa ya chakula cha mchana."

"Bila simu?" Hugues akashtuka. "Na siku ya Bwana?"

"Jumapili ndiyo nzuri. Wakubwa wako kwao. Utaona nyumba ilivyo."

"Huko ni kukosa adabu."

"Basi baki na adabu yako, na mama pia ubaki naye," nikamwambia. Nilikuwa nimeshakasirika, sijui hasa na nani.

Jumapili saa sita na nusu tukabonyeza kengele. Tulingoja sana. Akafungua msichana mmoja, kea, jasho linamtoka. Mama Kulwant akamwambia kwa Kiingereza kwamba tunamtafutia mama nafasi na tungependa kuona sehemu ya kumbukumbu. Msichana akasita, kisha akabonyeza namba za ule mlango.

Harufu ya mkojo ilitupiga. Mama Kulwant akaninong'oneza, "Harufu ya saa moja si kitu, ajali hutokea kila mahali. Hii ni ya siku nyingi. Imeingia kwenye zulia."

Wazee kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani. Televisheni ilionyesha mashindano ya magari, sauti juu, na hakuna aliyetazama. Kea alikuwa yule mmoja tu. Mwenzake alikuwa amekwenda kula. Babu mmoja alijaribu kuokota njegere kwa uma, mkono unatetemeka, njegere zinaanguka. Msichana akaja akachukua sahani imejaa. "Leo huna njaa, eh?" akasema, akaenda nayo.

Pembeni kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza, kavaa sweta ya kijani, nywele kazichana vizuri. Akainua mkono. "Tafadhali, naomba choo."

"Dakika moja, mpenzi," kea akajibu.

Mama Kulwant akaangalia saa yake. Tukasimama. Bibi akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, kwa adabu ileile. Zikapita dakika kumi na tisa. Halafu akanyamaza, akaangalia chini, kwa sababu choo hakikuhitajika tena.

Bibi yule alisema kwa Kiingereza safi, katika nchi yake, na hakusikika. Mama yangu atasema kwa Kiswahili. Nani atamsikia?

"Na wale wanaopiga kelele mnawafanyaje?" nikamwuliza kea.

Akashusha sauti. "Wengi wanapewa dawa ya kutuliza. Ndiyo maana wanalala."

"Daktari anaiangalia upya lini?" Mama Kulwant akauliza.

"Sijui. Mimi nina wiki ya tatu hapa. Wote niliowakuta wameshaacha kazi."

Nje nilianza kumtukana yule msichana. Mama Kulwant akanishika mkono. "Wacha. Huyo naye amechoka. Mtu mmoja kwa wazee kumi na wanne, hata mimi ningeshindwa. Kosa ni la anayepanga kazi hivyo. Na ulichoona usikae nacho moyoni. Kesho asubuhi mpigie yule mtu wa kaunsili, umwambie kila kitu, na saa uliyoona. Atajua kuwafikishia wakaguzi."

Nyumbani Hugues alikuwa amekaa kwenye ngazi. Suruali ya suti ilikuwa imelowa magotini, na mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka.

"Alisema choo," akaanza. "Nilikuwa kwa simu. Nikamwambia ngoja kidogo, Mama."

"Ulimngojesha dakika ngapi?"

"Sijui. Tano. Akalia, Yaya. Mama amelia." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nikamweleza kuhusu yule bibi wa sweta ya kijani. Akasikiliza, kichwa chini. Nikadhani sasa ameelewa. Akainua uso, akasema, "Lakini tutamuambia nini yule madame? Alitupa chai."

Nilimrushia kitambaa cha vyombo usoni. "Hugues! Mama akae kwenye mkojo ili wewe uonekane na adabu?"

Akakikunja kile kitambaa, akakiweka kwenye meza.

Nyumba mbili tulizoziona Jumatatu na Jumanne sitazizungumzia, nitapandisha presha. Jumatano nilikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana tukaenda ya mwisho, Hugues na Mama Kulwant na mimi. Mwanangu mkubwa alikuwa likizo, akabaki na bibi yake. Hatukupiga simu. Rangi ya mlango ilikuwa imebabuka. Zulia la ukumbini lilikuwa limechakaa mpaka nyuzi zinaonekana. Samaki hawakuwepo.

"Hapa?" Hugues akasema.

"Nusa," Mama Kulwant akamwambia.

Kulinukia kitunguu cha kukaangwa. Ndani, kea mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya babu ili waonane macho, anamlisha polepole, wanacheka. Milango ya vyumba ilikuwa na rangi mbalimbali, na kila mmoja umebandikwa picha ya mwenyewe alipokuwa kijana, ili aujue mlango wake. Milango ya vyoo yote ilikuwa ya manjano na picha ya choo. Nyuma kulikuwa na bustani yenye njia ya kuzunguka. Mama mmoja alitembea, akazunguka, akarudi palepale, wala hakuna aliyemfokea.

Ripoti ya wakaguzi wa serikali ilikuwa mezani, wazi kwa kila mtu. Mama Kulwant akavaa miwani. "Wameandika kosa. Daftari la dawa halikujazwa vizuri."

"Munaona!" Hugues akasema.

"Nyumba isiyo na kosa sijaifanyia kazi mimi. Swali ni, wamefanya nini tangu siku hiyo?"

Meneja alikuja mwenyewe, kavaa aproni. Aliposikia swali hakukasirika. Akaleta daftari jipya, akatuonyesha saini mbili kwa kila dawa. Dawa za kutuliza, akasema, ni za mwisho kabisa, na daktari lazima aziangalie upya. Kisha akageuka akaanza kutuuliza sisi. Mama anapenda kuitwaje? Anaamka saa ngapi? Anaogopa nini? Hata mimi maswali mengine sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Hapa nani anajua Kiswahili?" nikauliza kwa ukali. Nilikuwa naogopa.

"Hakuna," akasema. "Sitawadanganya."

Nikashika mkoba wangu niondoke. Lakini Hugues hakusimama. Alikuwa ameegemea mbele, tai imepinda, na alionekana kama mtu anayejilazimisha kufanya jambo la aibu. Akauliza, "Madame, mutu akiomba choo kwenu, anangoja dakika ngapi?"

Nilimwangalia. Mama Kulwant naye akamwangalia.

"Asubuhi, wakati wa kuvalisha watu, pengine tano," meneja akajibu. "Zikizidi, njooni mniulize. Na kuhusu Kiswahili, tuandikieni maneno anayoyahitaji. Tutajifunza. Mwanzo ni wiki nne za majaribio. Ikishindikana, tutasema wazi, nanyi mtasema wazi."

Usiku ule sikulipwa, kwa sababu sikwenda kazini. Tulikaa jikoni tukaandika. Choo. Maji. Baridi. Inauma. Sitaki. Twende. Pole. Mama Kulwant aliandika pembeni jinsi Mwingereza atakavyolisoma kila neno. Hugues akaongeza, "Muandike pia asiitwe Lucie. Aitwe Mama Lucie, kwa heshima." Alhamisi nilimpigia simu meneja wa zulia jekundu, nikamwambia hatuji. Akauliza kwa nini. Nikamwambia. Hugues alisimama karibu nami mpaka nikamaliza.

Mama akahamia kwenye ile nyumba ya mlango uliobabuka. Wiki ya kwanza alimpiga kea mmoja na kutupa supu. Nililia kila nilipotoka pale. Mama Kulwant alinikataza kumrudisha nyumbani. "Ngoja," alisema, "na uendelee kuja saa wasizokutarajia."

Wiki ya tatu nilienda Jumapili, saa sita na nusu. Nikasimama kwenye mlango wa sebule kabla hawajaniona. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Akainua mkono.

"Nataka choo!"

Msichana wa nywele nyekundu, Mbirmingham wa kuzaliwa, aliacha vikombe alivyokuwa akipanga. "Choo, Mama Lucie?" akasema, Kiswahili kimepinda lakini kinaeleweka. "Haya. Twende."

Sikuangalia saa. Haikuwa hata dakika moja. Mama akamshika mkono, wakaja polepole kuelekea mlango niliposimama. Aliponifikia akasimama. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kwa upole, kama anavyoangalia mtu asiyemjua.

"Unatafuta nani, mwanangu?"

"Natafuta mama yangu."

Akanipapasa shavu. "Usilie. Kaa pale, ungoje. Nikitoka ku choo, tutamutafuta pamoja."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikamngoja.