Wimbo Ulioanzwa Juu

Kila Jumamosi alasiri Filimbi alikuwa na kazi zake kanisani: kufagia, kunyoosha safu za mabenchi na kupanga namba za nyimbo ubaoni. Jina la Filimbi alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu ya sauti yake nyembamba iliyofika mbali, naye alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya Jumapili. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Kanisa lao halikuwa na kinanda. Mchungaji alitaja namba, watu wakafungua vitabu, kisha mtu mmoja akaimba mstari wa kwanza peke yake na wengine wakamfuata palepale alipoanzia. Akianzia chini, wote waliimba chini. Akianzia juu, wote walipanda naye, wapende wasipende. Bibi yake Filimbi alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua, ndipo ikaenda kwa mjukuu.

Mwanzoni Filimbi aliifanya kwa woga. Halafu Jumapili moja akaanza wimbo juu kidogo bila kukusudia, na ulipofika mahali pa kupanda watu wengi walikwama, sauti yake ikabaki peke yake ikijaza kanisa. Baada ya ibada vijana walimzunguka wakimwambia amewamaliza. Rafiki yake aitwaye Redio, maana hakujua kunyamaza, alizitangaza sifa hizo shule nzima kabla kengele ya Jumatatu haijalia. Jamani, sifa ni tamu. Kuanzia siku hiyo Filimbi akawa anaanza juu makusudi, na kila Jumapili aliongeza kidogo. Bibi alimwambia mara mbili kwamba anapanda mno. Filimbi aliitikia, "Sawa, Bibi," kwa adabu zote, huku moyoni akisema huo ni uzee tu.

Basi ikafika Jumapili ya fundi seremala, yule aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa akavunjika mbavu, akalazwa hospitali miezi mitatu. Aliporuhusiwa alimwomba mchungaji jambo moja tu: Jumapili uimbwe wimbo wa shukrani, namba themanini na mbili. Kitandani, hata kukohoa kulipomshinda, alikuwa akiuimba kimoyomoyo, na alimwahidi Mungu kwamba akipona atauimba kwa sauti, akiwa amesimama.

Filimbi aliipanga namba hiyo ubaoni Jumamosi, na aibu yake ni kwamba hakumfikiria fundi hata kidogo. Alifikiria jinsi kanisa litakavyojaa.

Nalo lilijaa. Filimbi alivuta pumzi akaanza juu kuliko siku zote. Ubeti wa kwanza watu walijikongoja naye. Ubeti wa pili wakaanza kuachia mmoja mmoja, wengine wakainua simu kumrekodi. Fundi alisimama benchi la mbele, kitabu mkononi. Alifungua kinywa, sauti ikakatika. Akajaribu tena, akashika mbavu zake, kisha akaketi taratibu na kukifunga kitabu. Filimbi alimwona vizuri kabisa, lakini akaendelea kuimba.

Nje, vijana walipokuwa wakimpongeza, fundi alipita kwa mwendo wa pole, akasimama kumsalimia. Hakuwa na hasira.

"Una sauti nzuri, mwanangu," alisema. "Ila mimi nilikuja na wimbo wangu, na naona narudi nao nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma Filimbi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Alimweleza Bibi yote huku akilia, akasema ameiacha kazi hiyo, atafutwe mtu mwingine. Alidhani Bibi atambembeleza, lakini wapi.

"Asubuhi ulijiangalia wewe, na sasa unajiangalia wewe," Bibi alisema. "Ahadi ya fundi kwa Mungu bado haijatimizwa. Hilo ndilo la kushughulikia. Futa machozi, kalete kitabu."

Kilio kikaishia hapo. Bibi alimfundisha jambo ambalo Filimbi hakuwahi kuliuliza: kabla ya kuanza wimbo, tafuta kwanza neno lililo juu kuliko yote, ulipime kwa sauti ya chini. Ukilifikia bila kunyanyua kidevu, na jirani yako atalifikia. Watu wakishapokea, punguza sauti yako mpaka usikie zao. "Ukijisikia peke yako," Bibi alisema, "ujue umewaacha njiani."

Wiki nzima Filimbi alifanya mazoezi kwa bidii, akiosha vyombo na akifua sare. Alimwendea mchungaji akamwomba wimbo ule urudiwe, na mchungaji akakubali. Kisha akaenda karakana kumwomba fundi msamaha. Fundi alimpa msasa asugue mguu wa kiti wakati wakiupima wimbo pamoja, mpaka wakapata mahali ambapo mbavu hazikulalamika.

Jumapili, mlangoni, Redio alimnong'oneza kwamba simu tatu ziko tayari, apande mpaka paa ling'oke. Filimbi alitikisa kichwa akapita. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Mchungaji alipotaja namba, macho yote yalimgeukia, koo likasahau mazoezi ya wiki nzima, na mstari wa kwanza ukatoka juu kulekule. Alimwona fundi akishusha kitabu.

Filimbi akanyamaza katikati ya mstari. Masikio yalimwaka kwa aibu, na alijua kwamba simu zinarekodi.

"Samahani," alisema. "Nimeanza juu. Tuanze upya, tuimbe wote."

Alitafuta lile neno la juu, akalipima kimya, akaanza chini. Mabenchi ya nyuma yakapokea, ya katikati yakafuata, na ubeti wa pili ulipofika fundi alikuwa amesimama akiimba kwa sauti ya kukwaruza, machozi yakimtoka. Simu zikarudi mifukoni kwa sababu wenye simu walikuwa wakiimba. Filimbi alipunguza sauti, akapunguza tena, mpaka asijisikie kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alisikia maneno ya wimbo, akamshukuru Mungu kwa ajili ya uhai wa fundi.

Ibada ilipokwisha hakuna aliyemzunguka. Watu walitoka wakiendelea kuuimba wimbo ule hadi barabarani. Fundi alimpungia mkono tu akaenda zake.

Njiani Bibi alimuuliza nani amemsifu leo.

"Hakuna, Bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata Redio."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akamshika bega ili apumzike kidogo.

"Basi sasa unaijua kazi," alisema. "Wimbo wa ibada ni wa Mungu, mjukuu wangu. Si wangu, si wako. Mwenye kuanzisha anawafungulia watu mlango, kisha anakaa pembeni wapite kwenda kwa Mungu wao. Ukisimama mlangoni utazamwe, utawazuia."

Filimbi alimpa mkono, wakaendelea kutembea. Mbele yao fundi alikuwa angali anaimba.