Diwani Aliyeacha Kuwarukia Watu

Naapa kwa meno yangu kumi na tisa yaliyobaki: habari hii ni kweli tupu, kuanzia pua hadi mkia. Mwenye kubisha aje Lodwar aulize watu wa Kanamkemer. Asipowaamini watu, amuulize mbwa mwenyewe.

Ilianzia sokoni Kakuma, Jumamosi moja ya jua kali hata vivuli vya watu vilikataa kutoka madukani. Mureithi, fundi wa friji za sola kutoka Lodwar, alikuwa ameleta vipuri, na nyuma ya pikapu alikuwa amembeba mbwa wake, Diwani. Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuweza kumpita mtu bila kumpanda kifuani kwa miguu miwili, kumramba na kwenda kwa mwingine, kama mgombea aliyebakiwa na siku mbili za kampeni.

Pikapu ilipofunguliwa tu, Diwani akaruka chini na kumwendea mwanamke mmoja aliyebeba trei mbili za mayai. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu, kilemba cha kitambaa hichohicho, na viatu vyeupe visivyo na chembe ya vumbi, jambo ambalo Kakuma ni muujiza.

"Diwani! Shuka! Wewe mbwa, shuka!" Mureithi alikimbia akipiga mayowe.

Yule dada hakupiga kelele. Alimpa mbwa mgongo akasimama kimya. Diwani akazunguka, akaruka tena. Akapewa mgongo tena. Mara ya tatu akachoka, akatua chini kwa miguu yote minne, na hapo hapo dada akageuka akitabasamu.

"Njo vile," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Vizuri sana."

Hakuna yai lililopasuka. Wengine wanasema lilipasuka moja. Hao hawakuwapo.

"Aki samahani, madam," Mureithi alisema, akihema. "Huyu mbwa amenishinda."

"Hajakushinda. Ni weye unamufundisha kuruka."

"Mimi?"

"Akiruka unafanya nini? Unaita jina, unakimbia, unamushika na mikono mbili. Kwake hiyo ni sikukuu! Batu bengi banafanya hivyo, kisha banasema mbwa ni mujinga."

"Kwa hivyo mjinga ni mimi."

"Mi sijasema. Umejisemea."

Jina lake Céline. Kwao Bukavu alikuwa akimsaidia daktari wa mifugo. Sasa aliishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei na mjomba wake, akiuza mayai. Mureithi alinunua trei moja, na alikuwa mtu asiyekula mayai. Aliomba namba ya simu, kwa ajili ya mbwa, akasema.

"Ya mbwa tu?" Céline aliuliza.

"Mbwa hana simu. Itabidi nimshikie."

Na kweli mbwa alihitaji msaada. Mwenye nyumba, Mohamednur, alikuwa mfanyabiashara mpole, lakini kila Ijumaa akitoka kwenda msikitini, Diwani alimpiga mihuri miwili ya vumbi kwenye kanzu nyeupe na kumpaka mate juu yake. Mzee wa watu arudi ndani, aoge, abadili nguo, akute hotuba imekwisha.

"Mureithi, mwanangu," alimwambia, "mbwa wako nampenda akiwa mbali. Nakupa mwezi mmoja. Akinigusa tena baada ya hapo, ahame. Na ukitaka kumsindikiza, sitakuzuia."

Basi masomo yakaanza kwa simu, kila jioni saa kumi na mbili.

"Umeweka spika?"

"Nimeweka. Salimia mwanafunzi."

"Bonsoir, Diwani. Mureithi, toka nje, ingia tena. Akiruka?"

"Nampa mgongo. Simtazami, simsemeshi."

"Akituliza miguu chini?"

"Nampa kipande cha samaki mkavu, haraka, kabla hajawaza jambo lingine."

"Na wageni je?"

"Wafanye hivyohivyo, wote. Akifanikiwa kwa mmoja tu, tunaanza upya."

"Eeh! Mwalimu amezaa mwalimu."

Mtaa mzima ulifundishwa. Muuza maji alitoa mgongo, mama wa mkaa alitoa mgongo, hata Mohamednur alisimama langoni amegeuka, mikono kifuani, akihesabu tasbihi hadi mbwa atulie. Wiki ya tatu Diwani alipokea wageni kwa kuketi chini kama karani wa zamani. Mohamednur aliswali Ijumaa mbili bila kubadili kanzu.

Mureithi hakufurahi. Masomo yakiisha, saa kumi na mbili ataisikia sauti ya nani?

Hapo akapata ushauri wa jirani yake mmoja, mzee mstaafu mwenye busara nyingi na sura ya kupendeza. Mzee alimwambia, "Kijana, daktari hamtembelei asiyeumwa. Mpe ugonjwa mwingine."

Basi Mureithi akaanza kumzulia mbwa maovu.

"Céline, sasa anabwekea pikipiki."

"Mupeleke mbali na barabara. Pikipiki ikipita, samaki. Kesho sogea kidogo."

"Céline, amekula ndala zangu."

"Ziweke juu, umupe mufupa wa mbuzi. Na usimupige! Ataogopa weye, hataogopa ndala."

"Céline, nikitoka analia kama mtu aliyefiwa."

"Toka dakika moja, rudi, usimubembeleze. Kisha dakika tano. Pole pole, chéri."

Alipoitwa chéri, yaani mpenzi, Mureithi alikaa chini kwenye ndoo ya maji. Wakati huo wote Diwani alikuwa amelala miguuni pake, kimya, akimtazama kwa jicho la hakimu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja simu ililia mapema, na sauti ya Céline ilikuwa nzito.

"Mama Jerusha alinipigia. Yule wa gesti ya hapo Lodwar."

"Mwenye mbwa watatu wanaofukuza wageni?"

"Huyo. Alisikia habari ya Diwani. Alitaka kuniandikia barua ya kazi, nikaombee ruhusa ya kutoka kambi, nikae Lodwar. Kazi ya mwaka muzima, Mureithi. Kazi yangu ya kweli, si mayai."

"Céline! Si ni habari njema!"

"Nimekataa."

"Umekataa? Kwa nini?"

"Nilimwambia, mama, mi sijui tena. Mbwa ule mumoja niliofundisha, kila siku anapata ubaya mupya. Kila siku mi najiuliza nilikosa wapi. Siwezi kula pesa ya mama wa batu kwa kazi inaharibika."

Mureithi angeweza kumpa pole na kuishia hapo. Lakini alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama.

"Céline, hujakosa kitu. Diwani alipona zamani. Mimi ndiye nimekuwa nikidanganya."

"Kwa sababu gani?"

"Ili unipigie simu."

Upande wa pili palisikika kuku wakilia, kisha pumzi.

"Ulinifanya nisiamini mikono yangu mwenyewe," alisema polepole. "Hii kazi njo kitu pekee nilitoka nacho kwetu." Akakata simu, akaifungia namba ya Mureithi.

Kesho yake Mureithi alivaa shati la kuendea kanisani akaenda kwa Jerusha. Alikiri yote akiwa uani, mbwa mmoja ameshika mguu wa suruali, wawili wako mabegani.

"Kwa hivyo mbwa wako ni mzima, na mgonjwa ni wewe?" Jerusha aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Barua bado iko mezani. Lakini siitoi kwa maneno yako tu. Nataka kuona."

Ijumaa pikapu ikaondoka Lodwar. Mbele, Mureithi na Jerusha. Nyuma, Diwani, Mohamednur katika kanzu iliyonyooshwa hadi inakata, na yule jirani mwenye sura ya kupendeza.

Walimkuta Céline sokoni Kakuma, kwenye meza yake ya mayai. Leo kitenge kilikuwa cha zambarau na macho yamevimba kidogo. Alimpita Mureithi kwa macho kama nguzo.

Zamu ilikuwa ya Mohamednur. Alishuka, akasimama katikati ya soko, akafungua mikono, kanzu ikiwaka jua. "Diwani! Njoo!"

Watu wakageuka. Pikipiki zikapita zikipiga honi, muuza nyama akapita na ubavu wa mbuzi begani. Mbwa alikuja mbio, akafika hatua moja mbele ya kanzu, akaketi. Mohamednur akamrushia samaki. "Wiki sita, binti yangu," alimwambia Céline. "Hajanigusa hata unywele. Huyo umemfundisha wewe, na ulikuwa mbali."

Céline alijifunika uso kwa upande wa kitenge. Jerusha akaweka barua juu ya mayai na kuondoka kwenda kutafuta soda, ingawa hakuwa na kiu.

"Ungesema tu unataka kusikia sauti yangu," Céline alisema.

"Ungecheka."

"Ningecheka. Kisha ningekupigia saa kumi na moja."

"Nisamehe. Siku hizi nane, saa kumi na mbili ikifika, mimi na mbwa tunaitazama simu."

"Mbwa pia?"

"Yeye zaidi." Mureithi akasogea karibu na meza. "Njoo Lodwar, Céline. Kwa kazi yako kwanza. Halafu nije Kalobeyei na wazee, nimwone mjomba. Nataka kukuoa."

Céline akaichukua barua juu ya mayai. "Uje na wazee. Na mbwa pia. Huyo njo mi naamini tayari. Weye utafuata pole pole."

Kisha akakunja uso. "Lakini akili ya huu uongo si yako. Nani alikupa?"

Mureithi, mbwa na Mohamednur waligeuka kwa pamoja kuutazama mzigo wa nyuma ya pikapu. Mimi, jirani mwenyewe, wakati huo nilikuwa nakagua tairi.

Mureithi akamnong'oneza jina langu. "Papa Ochola," Céline aliita, "kuja hapa."

Hukumu ilitolewa palepale. Mkufunzi wa mbwa anahitaji mgeni wa kurukiwa, na mgeni huyo nikawa mimi, hadi mbwa wote watatu wa Jerusha wapone. Ruhusa ya Céline ilipotoka, nikaanza kulipa. Kila asubuhi nagonga lango la gesti nikiwa na suti yangu ya kustaafu. Lango linafunguka, mbwa wanakuja, Céline anasema, "Toa mugongo, papa. Usipige kelele." Mureithi yuko juu ya paa akitengeneza paneli, akicheka hadi paneli zinatikisika.

Wawili walipona mwezi uliopita. Wa tatu, juzi, alinipita bila hata kuninusa, akalala kivulini.

"Amepona!" nikasema.

Céline alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Bado, papa. Leo asubuhi ameanza ubaya mupya. Uje kesho."