Nyati wa Mama Sivagami

Soko la maua la Koyambedu, jijini Chennai, lilikuwa limefurika asubuhi ile. Yazhini, sari ya kijani kiunoni, nywele bado mbichi, alikuwa akipatana bei ya asumini pale fremu ya picha ilipompiga begani, maua yote yakamwagika chini.

"Kaka, hayo ni macho au mapambo?"

Chennai nzima inajua: msichana akikuita kaka, amekufukuza kabla hujapiga hodi. Parithi, mchoraji, mrefu kama mnazi, rangi ya samawati imemganda ndevuni, akashika kifua.

"Nitukane, nipige, ila kaka usiniite! Asumini zako nitalipa."

"Unajua asumini ni nini?"

"Si ua la nywele?"

"Ni la mke anayengoja. Katika mashairi yetu ya kale kila hali ya mapenzi ina ardhi yake. Milimani wapenzi wanakutana. Msituni, penye asumini, mke anangoja. Pwani anahangaika. Jangwani wanaachana."

"Na mashambani kwenye mpunga? Mimi nimezaliwa huko."

"Pole sana. Huko mume ametoka kwa mwanamke mwingine, na mke amemfungia mlango."

Parithi akacheka mpaka wauza maua wakageuka. Naye Yazhini, aliyekuwa na kipindi chuoni, akajikuta anakunywa naye kahawa.

Kazi yake ilikuwa kufundisha mashairi hayo, na gazetini alihakiki picha za wachoraji kwa kuyatumia kama miwani. Hata bango la sinema angekuambia liko ardhi gani. Parithi alimpenda kwa hilo hasa. Kila alipochora alimpigia simu: "Mwalimu, leo niko mlimani au jangwani?" Naye angejibu, "Uko njaani, njoo ule."

Mvua zilipoisha Parithi akamwambia, "Mpenzi, kwenye maonyesho yangu kuna picha nimekuchorea wewe peke yako. Ukishaiona, nina neno la kukuuliza."

Yazhini alivaa sari ya hariri nyekundu, asumini kichwani, moyo unadunda kama ngoma. Ukumbi ulijaa watu. Akapenya mpaka mbele ya picha yake.

Lilikuwa shamba la mpunga alfajiri. Katikati palikuwa na bwawa, na bwawani amesimama nyati wa kufugwa, yungiyungi jekundu linaning'inia mdomoni.

Katika mashairi ya kale, nyati anayevuruga mayungiyungi ni mume mzururaji, anayekula asipopaswa. Na Parithi alilijua hilo, kwa sababu ni yeye Yazhini aliyemfundisha! Anaungama, tena mbele ya mji mzima! Akatoka bila kuaga.

Simu ikalia akiwa njiani.

"Yazhini, mpenzi, umekwenda wapi?"

"Ni nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Huyo mwanamke wako. Picha imeshasema kila kitu, Parithi."

"Mwanamke gani? Pale kuna nyati tu!"

Akakata simu. Wiki nzima hakupokea tena, na usiku alilia kwa hasira na kwa mapenzi, maana alimpenda yule mtu vibaya sana.

Jumapili asubuhi mlango ukabishwa.

"Nani?"

"Sivagami, mama yake mchoraji. Nimetoka kwetu mashambani, Thanjavur, kwa treni na mchele mpya. Nasikia nyati wangu kavunja mapenzi ya watu."

"Nyati... wako, mama?"

"Ponni. Mwizi mkubwa! Kila alfajiri yumo bwawani anakula mayungiyungi yangu. Mwanangu kakua akikimbizana naye. Alitaka upaone kwetu kabla hajakuomba uje kuishi nasi."

Yazhini alijishika mdomo. Mwalimu mzima! Furaha ilimjaa, na aibu ikamjaa vilevile, mkono ukashindwa kufika kwenye komeo.

"Mama, ningefungua, ila uso wa kukutazama sina."

Ndipo sauti ya Parithi ikatoka kwenye ngazi.

"Mwalimu, nina swali. Huko mashambani, katika mashairi yako, nani humfungia mwanamume mlango?"

"Mke wake."

"Na mchumba?"

"Hapana. Mke tu."

"Basi wewe wiki nzima umenifungia kwa haki gani? Ama uyabadilishe mashairi, ama uolewe nami!"

Mama Sivagami akaangua kicheko. Komeo likalia. Yazhini akasimama mlangoni, nywele timtim, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Karibu ndani, mama. Huyo kaka nyuma yako anaweza kungoja."

"Kaka tena?" Parithi akapiga yowe. "Na jibu langu je?"

Yazhini akamvuta ndani kwa pindo la shati.

"Mashairi yana miaka elfu mbili, Parithi. Mimi ni nani hata niyabadilishe?"