Kinyozi na Mita Mia Mbili za Maji

Kinyozi wa mtaa alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri zamu. Benchi hilo halikukaa tupu. Wengine hawakuja kunyolewa, walikuja kumsikiliza.

Asubuhi moja mpeleka barua aliingia na tangazo. Miezi mitatu baadaye kungekuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa watu wa kawaida, akaanza kuwasomea. Kinyozi alikuwa akichonga ndevu za mtu, akasikia nusunusu. Alisikia baiskeli, akasikia kukimbia. Baiskeli alipanda kila siku kuja kazini. Mbio alizipenda tangu shule. Akasema aandikwe yeye, tena wa kwanza. Benchi zima likapiga makofi. Mpeleka barua akaandika jina, akabandika tangazo kando ya kioo, akaenda zake.

Mchana, wateja walipopungua, kinyozi alilisoma mwenyewe. Mchezo wa kwanza ulikuwa kuogelea mita mia mbili.

Alilisoma tena, labda macho yamemdanganya. Hayakumdanganya. Maji aliyoyazoea ni ya ndoo na ya bomba. Angejitoa, benchi lingemcheka mpaka mwakani. Angemwambia mke wake, angeulizwa kwa nini hakusoma kabla ya kujitapa. Basi akaamua kujifunza kimyakimya.

Jumatano alimuaga mke wake kwamba anaenda kununua nyembe. Akapita dukani akanunua maboya ya kuvaa mikononi. Muuzaji alimuuliza mtoto ana miaka mingapi. Kinyozi akasema sita.

Kwenye bwawa la kuogelea la mji, maboya yale yaligoma kupita viwiko. Akayaacha hapohapo, chini ya viwiko, yakambana kama bangili. Upande wa kina kifupi kulikuwa na darasa la watoto wadogo. Aliona haya kusimama katikati yao na kifua chake chenye mvi. Akaenda upande wa pili, uliokuwa mtupu. Ukutani paliandikwa 3. Alidhani ni namba ya foleni. Kumbe ni mita tatu kwenda chini.

Akashuka ngazi taratibu, akaachia mikono, akanyoosha mguu atafute sakafu. Sakafu haikuwapo.

Watu wengi hudhani anayezama hupiga kelele. Kinyozi, mtu wa maneno kuliko wote mtaani, hakutoa hata moja. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Kichwa kilielekea nyuma, mdomo ukatokeza juu, ukazama, ukatokeza tena. Mikono ilisukuma maji kama mtu anayepanda ngazi asiyoiona.

Mlinzi wa bwawa alimwona. Hakumrukia, kwa maana anayezama huweza kumkumbatia mwokoaji wake wakazama wote. Alimtupia boya la duara lenye kamba, akamwamuru alishike, akamvuta hadi ukingoni. Alimkalisha kwenye benchi karibu saa nzima akimtazama. Akamwonya kwamba akianza kukohoa mfululizo au kupumua kwa shida, hata kama ni baada ya saa kadhaa, aende hospitali upesi. Halafu akamsaidia kuvua yale maboya, maana yalikuwa yamekwama.

Kinyozi alirudi nyumbani akipanga uongo wa kusema. Hakupata nafasi ya kuusema. Mke wa kinyozi alikuwa fundi cherehani, shangazi wa mlinzi alikuwa mteja wake, na habari ilishafika kabla yake. Mke wake alikuwa ameketi mbele ya cherehani, nguo imo chini ya sindano, lakini hashoni.

"Nyembe ziko wapi?" aliuliza.

Kinyozi akaweka maboya mezani.

"Kutokujua kuogelea si aibu. Hata mimi sijui," mke wake akasema. "Lakini ulikwenda bila kumwambia mtu. Mimi ningekutafuta kwenye maduka ya nyembe, mume wangu, na wewe uko chini ya maji."

Kinyozi alijua akina mama wanaofoka na alijua namna ya kuwatuliza. Huyu hakufoka, na hilo lilimwingia zaidi. Akaomba msamaha, akaeleza yote, kuanzia tangazo.

Jioni ileile mke wake alimpeleka nyumba ya pili, kwa muuguzi mstaafu. Mtaa ulimwita Bibi Sindano kwa sababu alikuwa amewachoma sindano karibu wote. Alikuwa na miaka sitini na sita, na aliogelea kila asubuhi. Alisikiliza kisa chote bila kucheka, ila kwenye maboya aliinuka ghafla kwenda kufunga dirisha lililokuwa limeshafungwa.

Aliporudi alimuuliza kinyozi alifanya nini na pumzi yake. Kinyozi akajibu aliibana kwa nguvu zote.

"Hapo ndipo ulipoanzia kukosea, mwanangu," Bibi Sindano akasema. "Ukibana pumzi, hewa chafu inajaa kifuani, na hofu inakuja nayo. Ndani ya maji unatoa pumzi polepole. Nje ya maji unavuta. Ni hivyo tu, lakini lazima mwili uzoee. Kesho anza na beseni."

Basi kinyozi akaanza na beseni. Saluni ilikuwa nalo, la kuoshea nywele. Kila alipopata nafasi alitumbukiza uso, akatoa viputo puani na mdomoni, akainua kichwa kuvuta pumzi. Siku ya pili watu wa benchi waliingia wakamkuta kichwa kimo ndani ya maji. Mmoja akauliza amepoteza nini humo. Kinyozi akajifuta uso, akawaambia ukweli: hajui kuogelea, anajifunza. Walicheka, naam. Lakini kicheko kiliisha mapema kuliko alivyohofia. Kati ya watu saba waliokuwapo, wanne walikiri hata wao hawajui.

Bwawani Bibi Sindano alimpeleka kwanza kwa mlinzi, akamtaka aseme kwa kinywa chake kwamba ni mwanafunzi. Kisha wakaingia upande wa watoto, maji kiunoni. Huko alimfundisha kuelea. Kila alipolala chali kinyozi aliinua kichwa kutazama vidole vyake vya miguu, na kila alipotazama vilizama. Bibi akamweleza kwamba mapafu yenye hewa huubeba mwili, na kichwa kikiinuliwa miguu hushuka. Alale kama aliye kitandani, masikio majini, macho kwenye dari. Jambo hilo dogo lilimchukua wiki tatu. Siku alipoelea alifurahi mno akafungua mdomo kutangaza, akanywa maji.

Baadaye akajifunza kupiga miguu kutoka nyongani, kisha kugeuza uso pembeni kupumua bila kuinua kichwa kizima. Kila Jumatano na Jumamosi alikwenda, na kila mara mke wake alijua ameenda na nani na atarudi saa ngapi.

Siku ya mashindano waliogelea katika bwawa lilelile. Kinyozi aliwaambia wasimamizi kwamba ni mgeni wa mchezo, wakampanga nyuma, karibu na ukingo. Katikati ya safari mtu mmoja alimpiga teke la bahati mbaya, miwani ya kuogelea ikajaa maji. Hofu ikapanda. Safari hii hakupapatika. Aligeuka chali, akaelea, akahesabu pumzi kumi, akamwaga maji yaliyoingia kwenye miwani, akageuka kuendelea.

Alitoka majini wa mwisho. Akapanda baiskeli kwa haraka kiasi kwamba alisahau kuvua kofia yake nyekundu ya kuogelea, akakimbia nayo hadi mwisho. Mpeleka barua alisema walikuwa wakimwona tangu mbali kama njiti ya kiberiti iliyowashwa. Alimaliza wa hamsini na nane kati ya sitini na mmoja, na hao watatu wa nyuma yake amewataja kwa kila mteja aliyeketi kitini tangu siku hiyo.

Wiki iliyofuata mke wake alifunga cherehani mapema, akamwomba Bibi Sindano amfundishe na yeye. Kinyozi alisimama ukingoni tayari kumtia moyo, kwa sababu alijua kuelea kunataka wiki tatu. Mke wake alilala chali, akatulia, akaelea. Siku ya kwanza, dakika ya kumi.

"Ni hivi tu?" aliuliza kutoka majini, macho yakiwa darini.

Kinyozi alimpongeza kwa moyo wote, siku mbili baadaye.