Kodi ya Mwaka Mzima

"Chukua funguo zako, mwanangu. Mume wako ameshalipa mwaka mzima."

Esperansi Nibitanga alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuamkia na kujitaja jina. Alisimama mlangoni pa ile nyumba mpya ya Ipuli, rangi ya ukutani bado inanukia, bahasha yenye laki tisa ikiwa ndani ya mkoba wake wa kazini.

"Mume wangu yupi, mama? Mimi naolewa tarehe ishirini. Na mchumba wangu yuko Sikonge tangu juzi."

Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, alivua miwani akamtazama vizuri.

"Alikuja kijana mmoja mrefu, ana gari jeupe. Doto dalali ndiye aliyemleta. Akaniambia anaitwa Anselm, na nyumba iandikwe jina lako."

Esperansi akashika ukuta.

Anselm alikuwa mnunuzi wa tumbaku, mtu wa pesa. Walipendana mwaka mmoja, mpaka siku Esperansi alipogundua kwamba ana mke na watoto wawili Urambo. Alimwacha siku hiyohiyo, na miaka mitatu ilikuwa imepita. Baadaye akampata Egidi, muuza asali, asiye na gari wala shamba, ila akisema nakuja, anakuja.

Miezi miwili wao wawili walizunguka Tabora wakitafuta pa kuanzia maisha. Chumba chao cha mtaa wa Ng'ambo kilikuwa na choo cha familia sita, na Esperansi, nesi wa zahanati, alikuwa akirudi zamu amechoka na bado anapanga foleni ya ndoo. Doto alipowaonyesha hii ya Ipuli, vyumba viwili, jiko, maji ndani, Egidi alivua viatu nje bila kuambiwa. Tatizo lilikuwa kodi. Laki mbili na nusu kwa mwezi, na Bi Mwanamkuu, ambaye walikuwa hawajaonana naye, alimwambia Doto anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Leo Esperansi alikuwa amekuja kumwomba awasubiri.

Alisogea pembeni akapiga simu.

"Umepata funguo?" Anselm alipokea kama aliyekuwa akingoja.

"Nani alikutuma unilipie?"

"Roho yangu. Doto aliniambia mnahangaika. Yule muuza asali ataweza wapi nyumba kama ile?"

"Anselm, mimi naolewa."

"Olewa, nimekukataza? Ingieni mkae. Mimi nitakuwa napita mara mojamoja kukujulia hali."

"Kupita kufanya nini?"

"Nyumba nimeilipia mimi, Espe. Utanizuiaje nisipite?"

Esperansi akakata simu. Hapohapo ujumbe ukaingia, wa Egidi.

"Doto kanipigia. Anasema kuna mwanaume kakupangishia nyumba Ipuli. Naondoka huku sasa. Nataka nisikie kwako."

Akampigia. Hapatikani. Akapiga tena na tena. Egidi alikuwa ameshaingia porini kwenye pikipiki, na huko mtandao ni wa kubahatisha.

"Kaa, unywe maji," alisema Bi Mwanamkuu. Akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Sasa unataka nifanyeje?"

Kusema kweli, Esperansi aliitamani ile nyumba. Alitazama sakafu ya marumaru, akatazama dirisha la jikoni lililopata jua la asubuhi. Mwaka mzima bila kuwaza kodi. Machozi yakamlenga.

"Mrudishie pesa zake, mama. Zote. Na nyumba mpe mtu mwingine, sisi hatujafikisha."

"Una hakika? Mwenzio hajafika. Huenda hata asikuamini, ukakosa nyumba na mume."

"Nikikosa, nitakuwa nimekosa nikiwa msafi."

Bi Mwanamkuu alichukua simu yake, akampigia Anselm, akaweka sauti ya juu.

"Mwanangu, nipe namba ya benki nikurudishie amana yako."

"Mama, hizo pesa ni zako. Mimi nimeshapanga."

"Mimi napangisha nyumba, baba. Siuzi mtu. Nitumie hiyo namba kabla benki haijafunga."

Simu ikakatika, na baada ya dakika chache namba ikaingia, bila salamu wala neno. Wakaenda benki pamoja.

Egidi aliwakuta barazani saa kumi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia Bi Mwanamkuu kwanza, ndipo akamgeukia mchumba wake.

"Ni nani?"

"Anselm. Alilipa bila mimi kujua. Pesa zimerudi kwake leo saa nane. Risiti hii."

Egidi hakuipokea ile karatasi.

"Mwanzo wa njia nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilisema nikifika navunja kila kitu. Halafu nikakumbuka mwaka jana ulivyonirudisha kwa mteja wangu wa asali kule Cheyo kumpelekea chenji yake ya elfu mbili, kwa miguu, juani. Nikajiuliza, mtu huyo ndiye wa kujiuza kwa nyumba?"

Esperansi akaanza kulia.

"Asante," alisema. "Nilikuwa naogopa utakuja umeshanihukumu."

"Nimekuja nikuulize tu. Haya, futa machozi. Tutatafuta nyingine."

"Nyingine ya nini?" aliuliza Bi Mwanamkuu. "Mna kiasi gani?"

"Laki tisa, mama."

"Nipeni ya miezi mitatu, iliyobaki mkanunulie godoro. Baada ya hapo mtalipa mwezi kwa mwezi."

Wakatazamana. Egidi akapiga goti moja palepale barazani.

"Mama, si ulisema miezi sita?"

"Nilisema kwa watu nisiowajua. Nyumba hii tuliijenga miaka tisa, marehemu mzee wangu hakuiona ikiezekwa. Nataka ndani yake mtu ambaye nikilala, nalala. Huyu binti amekataa milioni tatu mbele ya macho yangu. Nitafute mpangaji gani mwingine?"

Harusi ilifungwa tarehe ishirini, kanisa limejaa ndugu waliotoka Ulyankulu na Usinge. Bi Mwanamkuu alikuja na buibui lake jeusi, na kwenye sherehe akaulizia mahali pa kukaa wageni. Mama mzazi wa Esperansi akakataa akae na wageni. Alimshika mkono, akampeleka meza ya familia, akamkalisha kando yake. Alitaka kumwambia mengi, lakini kila alipoanza Kiswahili chote kilimpotea. Mwishowe akaishika ile mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema kwa Kirundi, lugha ya kwao:

"Murakoze cane."

Bi Mwanamkuu hakuijua lugha ile, ila alielewa kwamba anashukuriwa. Alimsogelea zaidi, naye machozi yakimtoka.

"Na mimi nakushukuru, dada yangu," alisema. "Umenilelea mpangaji."