Wimbo Uliokatwa kwa Wembe

Nukta aliingiza sindano kwenye tundu la mwisho, akavuta uzi taratibu mpaka ukakaza, kisha akaupitisha chini ya fundo la kitita kilichotangulia. Uzi ulikuwa umepakwa nta, na kila ulipopita kwenye karatasi ulitoa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi. Mbele yake, Biblia ya marehemu mama yake ilikuwa imefumuliwa yote. Jalada lilikuwa huku, vitita kule, na mgongo uliochakaa ulikuwa umewekwa kando kama ganda la kitu kilichokwisha kuliwa.

Alikuwa bado na sare ya shule, aproni ya mjomba ikiwa imemfunika mpaka magotini. Tangu mama afariki, hapa ndipo aliposhinda kila alasiri, katika chumba cha mjomba, fundi wa kujalidi vitabu. Kilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya gundi ya unga na karatasi za zamani. Jina la Nukta alipewa na mjomba huyo huyo siku alipozaliwa, kwa udogo wake. Sasa alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake, lakini jina halikukubali kubanduka.

"Kitabu si karatasi moja moja," mjomba alimwambia siku ya kwanza. "Ni vitita. Karatasi pana zinakunjwa katikati, zinalaliana, uzi unapita kwenye mkunjo. Ukielewa hapo umeelewa kazi."

Kazi ya Biblia ile iliagizwa na baba, dereva wa lori, kabla hajaondoka safari. "Shemeji, nitengenezee," alisema, bila kumtazama mtu usoni. "Jumapili tuna ibada ya kumkumbuka. Nukta asome humo ule wimbo wa shukrani. Mama yake alikuwa akiupenda sana."

Nukta aliitikia kwa kichwa. Ni kweli mama aliupenda wimbo ule wa shukrani, siku alizokuwa mzima. Ila siku za mwisho, alipokuwa hawezi kushika kitabu, aliomba asomewe wimbo mwingine, na hilo lilijulikana kwa Nukta peke yake.

Alikishika kitita kilichofuata. Kilikuwa cha zaburi, katikati ya kitabu, na kingo zake zilikuwa zimeingia weusi wa vidole kuliko zote. Kikajifungua chenyewe mahali palepale. Pembeni pa ukurasa palikuwa na mstari wa kalamu ya risasi, umetetemeka kuanzia juu hadi chini.

"Hodi hapa! Fundi mdogo, bosi wako yuko wapi?"

Alikuwa Chiriku, mwanafunzi mwenzake, akielekea mazoezi ya kwaya. Hakungoja kukaribishwa. Hakuwahi kungoja.

"Mjomba kapeleka vitabu kwa mteja. Usiguse, mikono yako ina mafuta."

"Siigusi, naiangalia tu." Chiriku aliinama, akaanza kusoma kwa sauti, akipunguza mwendo kadiri alivyoendelea. "Eti huyu maji yamemfunika. Alikuwa anazama mtoni?"

"Sijui."

"Halafu anamwuliza Mungu kwa nini amemtupa! Anamwuliza Mungu!" Aligeuza ukurasa. "Na mwisho je? Giza tu. Hata 'amina' hakuna. Nani kaupigia mstari?"

Nukta alikivuta kitita upande wake.

"Mama yako?" Chiriku alishusha sauti. "Mwenzangu, huu usiusome Jumapili. Watu watasema alikufa amekata tamaa. Bibi yangu anasema mtu wa imani halalamiki." Aliona uso wa mwenzake, akajikwaa kwenye maneno. "Mimi sisemi hivyo. Nasema watu. Unawajua watu." Kisha akaondoka mbio, maana mwalimu wa kwaya alikuwa na ulimi mkali kwa wachelewaji.

Nukta alibaki na kitita mkononi. Aliwaona akilini mwake watu wakiipokezana Biblia baada ya ibada, wakiipekua na kuufikia mstari ule uliotetemeka, kisha wakitazamana. Wembe wa kukatia karatasi ulikuwa pale mezani. Aliuweka kwenye mkunjo, akauburuta mara moja. Karatasi yenye wimbo ule mbele na nyuma ikatoka bila kelele. Aliikunjakunja, akaisukuma ndani ya gunia la vipande vya karatasi, akashona kitita kwa haraka na kukilaza juu ya vingine.

Mjomba alirudi akifuta jasho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu amzike dada yake hata hayo machache aliyapunguza. Alitazama kazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkono wako umetulia. Hebu tuijaribu."

Kujaribu kwake kulikuwa kuzifungua kurasa na kuzivuta kidogo kidogo, kama mtu anayepima meno ya mtoto. Alipofika kwenye kitita cha zaburi, karatasi moja ilimfuata mkononi, ikatoka nzima. Aliisogeza dirishani.

Ulikuwa wimbo wa shukrani, ule wa Jumapili.

Nukta alisogea karibu kuitazama. Yeye hakuigusa karatasi hiyo. Alikata nyingine kabisa!

"Hii haikushikwa na uzi," mjomba alisema polepole. "Haina nusu yake. Mwenzake yuko wapi?"

"Labda... labda ilipotea zamani, mjomba. Kitabu chenyewe kizee."

Mjomba aliusogeza mkunjo karibu na macho yake. Kingo zote za karatasi zile zilikuwa za kahawia, isipokuwa huo mmoja, mweupe kama unga. Aliuona, na Nukta alimwona akiuona. Lakini hakupaza sauti. Alivuta kigoda, akaketi, akaiweka karatasi gotini.

"Inawezekana," alisema. "Vitu hupotea."

Neno lile la upole lilimchoma Nukta kuliko kofi. Kabla hajajua la kufanya, mtu alipiga hodi mlangoni. Alikuwa mama wa mkaa, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila jioni alichukua vipande vya karatasi vya mjomba kuwashia majiko ya wateja.

"Fundi, gunia langu leo limeshiba?"

"Limeshiba, mama. Chukua tu."

Alilinyanyua, akalitupia kichwani kwa mkono mmoja, akaaga, akatoka. Nukta alimtazama akivuka kizingiti, kisha akishuka kwenye mfereji, kisha akingoja baiskeli ipite. Ng'ambo majiko yalikuwa tayari yanafuka moshi. Ndani ya gunia lile mlikuwa na mstari wa kalamu ya risasi uliochorwa na mkono wa mama yake, na hapakuwa na mkono wa kuuchora tena.

"Mama, subiri! Usiwashe! Usiwashe!"

Alitoka mbio hata kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Mama wa mkaa aligeuka kwa mshtuko, gunia likayumba.

"Jamani! Mtoto utaniua kwa presha. Kuna nyoka humu?"

"Kuna karatasi ya mama yangu," Nukta alisema, na hapo kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya mazishi kikapata njia.

Walirudi ndani, wakalimimina gunia sakafuni. Mama wa mkaa naye alipiga magoti, akichambua vipande na kunung'unika kwamba kazi ya karatasi ina vumbi kushinda mkaa. Ni yeye aliyeipata, imegandamana na kipande chenye gundi. Aliipangusa kwa upindo wa kanga, akampa mjomba, akamshika Nukta bega, kisha akaondoka bila kuuliza neno.

"Niliikata mimi," Nukta alisema. "Nikadanganya. Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Sasa niambie kwa nini."

Alieleza yote, ya Chiriku na ya watu. Kisha akaeleza lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Mama alikuwa ananiomba nimsomee huo huo, kila jioni. Siku moja nikamwambia sitaki, unanitisha. Akasema, basi mwanangu, nitausema mwenyewe. Akausema anaangalia dari. Mjomba, mama alikuwa amemkasirikia Mungu?"

Mjomba aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Aliinyoosha karatasi kwa kiganja, akaanza kuisoma kimya, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mstari wa kalamu aliacha kusoma, akaupitishia kidole.

"Mimi si mchungaji," alisema mwishowe. "Nitakuambia ninachokiona, basi. Huyu mtu hakuwa mtoni. Wewe ukitoka shuleni ukasema umekufa na njaa, kuna aliyekuzika?"

Nukta alitikisa kichwa, na kicheko kidogo kikamponyoka katikati ya machozi.

"Ndiyo. Maumivu mengine hayana jina, mtu anayatafutia mfano. Maji, shimo, giza. Huu ni wimbo, nao husema kwa picha. Halafu tazama, kila jambo analisema mara mbili. Mstari wa kwanza unalalamika, wa pili unarudia kwa maneno mengine. Nyimbo hizi nyingi zimetungwa hivyo, hata za furaha. Hata wewe, siku ile ya msiba ulisema nini? Mama ameondoka. Ukanyamaza kidogo. Mama hayupo. Hukukosea kurudia. Mara moja haikutosha."

Aliigeuza karatasi.

"Sasa tazama jambo hili. Anamlalamikia nani?"

"Mungu."

"Anamwita mwanzoni, anamwita katikati, na kabla hajamaliza anamwita tena. Mtu aliyekata tamaa hagongi mlango, Nukta. Anajiendea. Huyu alikuwa gizani na bado anagonga. Na waliokusanya nyimbo hizi wangeweza kuutupa wimbo usio na mwisho mzuri. Hawakuutupa. Waliuacha, nadhani, kwa ajili ya watu kama mama yako."

Aliiweka karatasi gotini. Nje mtu alikuwa akifunga duka, mabati yakilia.

"Mimi kila nilipokwenda kumwona nilimwambia, dada usilie, uwe na imani. Akaacha kulia nikiwepo. Nikadhani nimemsaidia." Alijifuta uso kwa mkono wenye gundi, ikabaki alama nyeupe shavuni. "Kumbe ana pa kulilia, na mimi sijui."

Nukta hakuwa amewahi kumwona mtu mzima akilia hivyo, bila kujificha. Alisogea, akaketi naye sakafuni kati ya vipande vya karatasi.

Baada ya muda mjomba aliichukua ile karatasi ya shukrani, akaiweka ubavuni mwa ile iliyokunjamana. Sehemu zilizokatwa zikagusana.

"Umeona? Zilikuwa karatasi moja. Sisemi waliochapa walikusudia, karatasi ni karatasi. Lakini ulikata kilio, na shukrani ikakosa pa kushikilia. Mtu naye yuko hivyo hivyo. Ukimkataza kusema kweli ya huzuni yake, hata siku ya kusema asante atasema ya mdomoni. Mbele za Mungu na mbele za watu, useme lililomo moyoni. Usilikate ili upendeze."

"Na Chiriku?"

"Chiriku usimlaumu. Bado hajauhitaji wimbo huu. Tumwombee siku hiyo ichelewe."

Walianza kazi. Mjomba alilowesha karatasi iliyokunjamana kwa kitambaa chenye unyevu, mikunjo ikalegea. Nukta alikata utepe wa karatasi laini, mwembamba hata ungeona kidole upande wa pili, akaupaka gundi na kuulaza juu ya mahali zile nusu mbili zilipokutana. Alama ya wembe ilibaki ikionekana kwa chini.

"Haitafutika?" aliuliza.

"Haitafutika. Itashika, lakini."

Waliibana kati ya mbao mbili, mjomba akaziongezea matofali mawili juu.

"Jumapili nitasoma wa mama," Nukta alisema. "Huu wa giza. Nitawaambia ndio alioutaka."

"Baba yako nitazungumza naye mimi akirudi. Na ule wa shukrani?"

Nukta alifikiri. Aliutafuta moyoni, akakuta bado haupo.

"Huo bado siwezi, mjomba."

"Basi usiseme kama huwezi. Utakusubiri humo humo kitabuni, haukimbii."

Nukta alinyoosha mkono kuchukua sindano, lakini mjomba alimzuia. Gundi ilikuwa mbichi, na karatasi iliyolowa ikishonwa huchanika. Alimvua aproni, akamletea kiatu chake kilichobaki mlangoni.

"Kesho ukitoka shule," alisema, "tutaanzia hapa."